Vua Helmeti: Hadithi ya Sammus na Sisi Tunaozima Maiki

Hii ya leo ni ndefu kidogo, kwa hivyo shika chai kwanza.

Kabla niingie sekondari, Jumamosi zangu zote zilikuwa zinaishia kwa banda la PS hapo nyuma ya soko, Umoja. Mabati, viti vya plastiki, tivi mbili za mgongo mkubwa, na mwenye banda ambaye hakuwa anakopesha hata mama yake. Gemu moja ilikuwa mbao. Foleni ilikuwa inaandikwa kwa chaki ukutani, na mimi nilikuwa najiandikisha kwa jina la kaka yangu.

Sababu? Nilikuwa msichana pekee mle ndani. Mtoto yeyote mgeni akiingia, swali la kwanza lilikuwa kama nimetumwa kumwita mtu nyumbani. Jina la kaka lilinipa amani. Shida ni kwamba nikishinda, ni jina lake lilibaki ukutani.

Sasa nina miaka 22 na banda limehamia kwa simu. Nacheza gemu ya risasi, watano kwa watano, na jina langu kule halikuambii kama mimi ni wa kike au wa kiume. Maiki nimezima. Mwaka jana kikosi chetu kiliingia mashindano madogo ya mtaani, na kwa raundi moja ilibidi nifungue mdomo. Nikawasha maiki nikasema, "Wawili kushoto, nyuma ya gari." Kimya. Halafu mmoja wetu akauliza, "Kwani huyu ni dame?" Tulishinda hiyo raundi. Raundi iliyofuata, nafasi yangu ilikuwa imepewa boyz mwingine, na hakuna aliyeona haja ya kunieleza.

Na hapa ndipo kichekesho kiko. Mimi ni rapa. Si rapa wa kuitwa kwa redio, lakini kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nasimama mbele ya watu na kuchana mistari kwa sauti hii hii. Yaani kwa jukwaa naitafutia sauti yangu nafasi, halafu kwa gemu naificha kama deni.

Nimekuwa nikifikiria hilo jambo kwa miezi. Kila nikilifikiria narudi kwa mtu mmoja, rapa na mtengenezaji wa gemu, ambaye naona maisha yake ya kazi ni kama jibu. Anaitwa Sammus. Lakini huwezi kumwelewa kabla hujajua hilo jina alilitoa wapi.

Mwanamke ndani ya chuma

Turudi 1986. Nintendo ya Japani inatoa gemu inaitwa Metroid. Unacheza kama Samus Aran, mwindaji wa anga za juu, umefunikwa chuma kuanzia utosini hadi kwa kidole cha mguu, na mkono wako mmoja ni mzinga. Uko chini ya ardhi ya sayari ya mbali, peke yako kabisa. Hakuna wa kuongea naye, na wewe mwenyewe husemi kitu. Kijitabu cha maelezo cha Kiingereza kilikuwa kinamtaja Samus kama mwanamume.

Halafu unamaliza gemu. Kama umemaliza haraka vya kutosha, chuma kinavuliwa. Kumbe ni mwanamke. Ni mwanamke tangu mwanzo, na wewe masaa yote ulikuwa unaona unachotaka kuona.

Watu husifu sana huo mwisho, na mimi pia naupenda. Lakini hebu uangalie polepole. Kumwona Samus ilikuwa zawadi ya mchezaji. Kadiri ulivyomaliza haraka ndivyo alivyotokea na nguo chache. Alifanya kazi yote akiwa amefichwa, na alipofichuliwa, alifichuliwa ili mtu mwingine ajisikie poa.

Sasa chukua huyo mhusika umpe msichana mweusi anayekulia Ithaca, mji mdogo wa chuo huko jimbo la New York. Jina lake halisi ni Enongo Lumumba-Kasongo. Ndiyo, umesoma vizuri. Hilo jina haliko mbali na kwetu: familia yake ina mizizi Kongo na Ivory Coast. Baba ni mwanazuoni wa siasa. Kaka yake, Disashi, ni mpiga gita wa Gym Class Heroes, wale wa Stereo Hearts ya 2011, ngoma ambayo nikiwa mdogo niliisikia kwa matatu asubuhi na jioni hadi nikajua hata pale dereva huongeza sauti.

Kwa hivyo ni nyumba ya vitabu, gita na konsoli. Enongo alipoamua kuchana mistari, akachukua jina la yule mwanamke wa chuma, akaongeza m moja, akawa Sammus. Aliyefichwa ndani ya gemu akawa jina la mtu anayesimama jukwaani na maiki mkononi. Kwangu mimi, hapo tayari kuna kauli.

Machopi walikuwa hip-hop kabla ya jina

Sammus huwekwa kwa kikapu kinachoitwa nerdcore. Hebu nieleze hilo neno maana kwetu halijazoeleka. Ni rap ya wale watu ambao shuleni tungewaita machopi, lakini si chopi wa mitihani peke yake. Ni yule anayejua kila kitu kuhusu gemu, kompyuta, vibonzo, filamu za anga za juu, na anakueleza hata kama hujamuuliza.

Jina lenyewe lilitoka mwaka wa 2000, wakati Damian Hess, rapa wa Marekani anayejiita MC Frontalot, alitoa ngoma yenye hilo neno kwa kichwa chake. Mwaka wa 2002 akawatungia Penny Arcade wimbo. Hao walikuwa wachoraji wa vibonzo vya mtandaoni kuhusu gemu, na mashabiki wao wakawa mashabiki wake. Penny Arcade walipoanzisha tamasha lao la gemu, PAX, mwaka wa 2004, nerdcore ikapata nyumba. Si klabu, si redio. Ni kumbi zilizojaa watu waliovaa kama wahusika wa gemu. Kufikia 2008 kulikuwa hadi na filamu ya kumbukumbu kuhusu Frontalot na hiyo harakati, Nerdcore Rising.

Poa. Lakini hapa nina maneno.

Ukisoma hadithi hiyo hivyo tu, utadhani hip-hop ilikuwa ya watu wagumu wa mtaani, halafu mwaka wa 2000 wazungu wenye miwani wakaja na akili. Hiyo si kweli hata kidogo. Sherehe inayohesabiwa kama mwanzo wa hip-hop, Bronx, Agosti 1973, ilikuwa ya DJ Kool Herc, kijana aliyezaliwa Jamaika ambaye alikuwa na wazimu wa spika na vyombo. Grandmaster Flash alisomea umeme wa vyombo kwa shule ya ufundi, akajitengenezea njia ya kusikiliza sahani ya pili kwa vichwa vya sikio kabla umati haujaisikia. Huyo ni fundi. Huyo ni chopi aliyekamilika.

Endelea mbele. Wu-Tang Clan mwaka wa 1993 waliijenga albamu yao ya kwanza juu ya filamu za kung fu. MF DOOM alivaa barakoa akajifanya adui wa vibonzo vya Marvel, albamu yake ikatoka 1999. Mwaka ule ule wa 2000 ambao neno nerdcore lilizaliwa, Del the Funky Homosapien na wenzake walitoa Deltron 3030, albamu nzima kuhusu vita vya mwaka wa 3030. Mtu mweusi mwenye akili ya mashine na vitabu vya kufikirika amekuwa ndani ya hip-hop tangu waya ya kwanza ichomekwe. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemuita nerd. Aliitwa rapa.

Kwa hivyo jina lilipokuja, lilikuja na shida yake. Kwa upande mmoja lilifungua mlango. Raheem Jarbo, mwalimu wa shule kutoka Philadelphia, mwaka wa 2007 alitoa albamu akiwa Mega Ran, anachana juu ya muziki wa gemu ya Mega Man. Capcom, wenye gemu, wangeweza kumpeleka kortini. Badala yake walimpa ruhusa rasmi. Mwalimu mweusi akawa mmoja wa majina makubwa ya nerdcore, na baadaye yeye na Sammus wakashirikiana kwa muziki. Kwa upande mwingine, ukumbi wenyewe ulikuwa umejaa wanaume, na wengi wao wazungu.

Fikiria unaingia hapo ukiwa Sammus. Kwa watu wa hip-hop wewe ni chopi. Kwa machopi wewe ni mweusi. Na kwa wote wawili wewe ni mwanamke. Kila mlango unaufungua ukiwa na kitu ambacho wenye nyumba hawakukitarajia. Mimi nikisoma hiyo nakumbuka chaki ya banda la PS.

Alimjibu nani?

Sasa njoo kwa kazi yenyewe, maana sitaki mfikirie nampenda kwa sababu ya jina tu.

Alimaliza shahada ya kwanza Cornell mwaka wa 2008, kisha akaenda Houston, Texas, kufundisha watoto wa shule ya msingi. Mwaka wa 2010 akatoa albamu, Fly Nerd. Halafu akarudi Cornell kutafuta shahada ya uzamivu. Biti nyingi anatengeneza mwenyewe. Nataka ushike huo mpangilio akilini: mwalimu, mtengenezaji biti, rapa, mwanafunzi, vyote vikienda pamoja. Hakuna mahali alisimama akasema sasa naacha hiki nifanye kile.

Mwaka huo wa 2010, Nintendo walitoa gemu mpya, Metroid: Other M. Safari hii Samus anaongea. Kwa mara ya kwanza anaongea sana, anasimulia mawazo yake mwanzo hadi mwisho. Ungedhani ni ushindi. Lakini mashabiki wengi walikasirika, na sababu moja kubwa ilikuwa hii: yule mwindaji aliyekuwa anazurura sayari peke yake sasa alikuwa anangoja ruhusa ya aliyekuwa kamanda wake kutumia silaha zake mwenyewe. Silaha ziko mkononi. Hatari iko mbele. Yeye anangoja mzee aseme sawa.

Yaani walimpa sauti, halafu sauti yenyewe ikawa ya kuomba.

Sammus hakuandika malalamiko tu. Mwaka wa 2014 alitoa Another M, mkusanyiko wa ngoma ambapo anachana akiwa Samus mwenyewe, kutoka ndani ya helmeti. Angalia hata kichwa kinavyojibu kile cha gemu. Kampuni kubwa ilikuwa imeamua huyu mwanamke anaongeaje. Mwanafunzi wa chuo akakaa na kompyuta yake akasema hapana, mimi nimeishi na huyu mtu tangu utotoni, acha niwaambie anasema nini.

Na hii ndiyo sababu sikubali watu wanaosema rap ya gemu ni utoto. Mhusika wa gemu ni hadithi ambayo mamilioni ya watu wameishika mikononi. Anayeamua huyo mhusika aseme nini ana nguvu juu yetu sote, na hapo rapa alikuwa anadai sehemu ya hiyo nguvu.

Lakini huwezi kukaa ndani ya helmeti ya mtu mwingine milele, hata kama ni yako ya kuchagua. Mwaka wa 2016 akatoa Pieces in Space chini ya Don Giovanni Records, lebo ya New Jersey inayojulikana zaidi kwa muziki wa punk. Humo kuna ngoma inaitwa 1080p. Jina ni la kichopi kabisa, ni kipimo cha uwazi wa picha ya skrini. Ila ngoma yenyewe ni kuhusu kuvunjika moyo, kuzama, na kwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili hadi ukaanza kuona dunia vizuri tena. Hapo hakuna mwindaji wa anga, hakuna mzinga. Ni Enongo. Lugha ya gemu imebaki, lakini sasa inambeba yeye mwenyewe.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kwa ngazi za ploti yetu usiku, stima zimepotea. Sitawadanganya, nililia. Sisi hapa tunajua kuchana kuhusu njaa, polisi, mapenzi na doo. Kuchana kwamba nilienda nikakaa kwa kiti nikamwambia mtu sijambo si kweli, hiyo bado wengi tunaiogopa.

Chumba chenye trei za mayai

Kitu kingine ambacho watu huruka wakisimulia habari zake ni utafiti. Alimaliza uzamivu mwaka wa 2019, katika somo linaloangalia vile sayansi, teknolojia na jamii vinavyoshikana. Na alichunguza nini? Studio za jamii. Zile studio ambapo vijana wasio na pesa za studio kubwa wanaenda kurekodi.

Manze, hapo nilisimama. Kila mtaa wa Nairobi una hicho chumba. Trei za mayai ukutani, godoro nyuma ya mlango, maiki moja imefungwa soksi, na jamaa mmoja anayeendesha kila kitu na pia ndiye anajua nani amelala njaa. Wengi wetu tumeanzia hapo na hatujawahi kufikiria ni kitu cha kusomea. Kwetu ni pale kwa fulani. Yeye aliangalia vyumba kama hivyo akaona swali: nani anaruhusiwa kuingia, nani anagusa mashine, nani anaambiwa akae kando asubiri zamu yake?

Ukilisoma hilo swali utaona ni lile lile la Metroid. Ni lile la banda la PS pia.

Baadaye akawa mwalimu wa muziki Chuo Kikuu cha Brown. Na akiwa huko, akapita kutoka kuchana kuhusu gemu hadi kutengeneza gemu.

Rapa kama ngozi, rap kama kazi ya mikono

Ili uone uzito wa hiyo hatua, acha nikupitishe historia fupi ya rap ndani ya gemu.

Mwaka wa 1996, Japani, mwanamuziki Masaya Matsuura alitengeneza PaRappa the Rapper ya PlayStation. Mbwa wa karatasi anajifunza kuchana, na wewe unabonyeza vitufe kufuata mdundo. Kichekesho, lakini angalau rap ndiyo kitendo. Unacheza kwa kuchana.

Kisha Marekani ikashika usukani, na mambo yakageuka. 1999 wakatoa gemu ya Wu-Tang. Ni ya kupigana. 2003 wakatoa Def Jam Vendetta. Ni ya kupigana. 2005 wakatoa ya 50 Cent. Hiyo ni ya risasi. Na katikati, 2004, wakatoa ile ambayo kila mtoto wa banda Nairobi anaijua, Def Jam: Fight for NY. Snoop Dogg ndiye mkubwa wa maadui. Method Man, Redman, Busta Rhymes, wote wako ndani. Naipenda hiyo gemu hadi leo, nikiipata naicheza.

Lakini hesabu na mimi. Ni gemu iliyojaa watu ambao kazi yao duniani ni maneno, na hakuna hata mmoja unayemchezea kwa maneno. Unapigana tu. Rapa alikuwa ngozi, yaani sura ya kuvalia ngumi. Na wanawake? Mhusika unayejitengenezea ni lazima awe mwanamume. Lil' Kim yuko ndani. Shawnna yuko ndani. Hao ni marapa kamili wenye albamu zao. Kwa hiyo gemu wamewekwa kama wapenzi wa kuchaguliwa na kupiganiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na kitu nikicheza hiyo. Nilimwona Lil' Kim nikafikiri, sawa, basi hapo ndipo msichana hukaa kwa gemu ya rap. Hakuna mtu aliniambia hivyo kwa mdomo. Gemu iliniambia.

Sasa ruka hadi 2021. Kampuni inaitwa Glow Up Games, iliyoanzishwa na wanawake wawili, Mitu Khandaker na Latoya Peterson, inatoa gemu ya simu kutokana na Insecure, ile tamthilia ya Issa Rae iliyokuwa kwa HBO. Kama umeiona, unajua Issa ana tabia moja: akiwa na jambo limemkaba, anaingia bafuni na kuchana mbele ya kioo. Yuko peke yake, anajiambia ukweli ambao ameshindwa kuwaambia watu nje.

Waliichukua hiyo tabia wakaifanya sehemu ya gemu. Unaishi maisha ya dada mweusi huko Inglewood, Los Angeles, na ndani yake unatunga mistari. Mkurugenzi wa sauti wa Glow Up Games alikuwa nani? Sammus.

Najua kuna mtu atasema, ah, sauti si ubunifu wa gemu, huo ni muziki wa nyuma tu. Buda, tulia. Gemu ikikuambia utunge mistari, sauti si pambo tena. Ni kama mpira kwa gemu ya mpira. Lazima mtu ajue mstari unakaaje juu ya biti, kina kikigonga mtu husikia nini, biti ya aina gani haimtishi mtu ambaye hajawahi kuchana. Hayo hayajui mtu wa kompyuta ambaye hajawahi kusimama mbele ya maiki. Na rapa ambaye hajawahi kushika padi hawezi kujua kidole kinataka nini. Ilihitaji mtu mmoja mwenye vyote viwili, na alikuwa na vyote kwa sababu miaka yote alikataa kutupa kimoja.

Sisemi hiyo gemu ilivunja rekodi za dunia. Nasema kitu kidogo zaidi, na kwangu kikubwa zaidi: kutoka mwanamke aliyenyamaza ndani ya chuma, hadi rapa wa kike kuwa mpenzi wa kupiganiwa, hadi mwanamke mweusi anayechana akiwa yeye ndiye unayecheza. Na nyuma ya hiyo sauti, mwanamke mweusi anayechana.

Na sisi je?

Nasikia mtu akisema, huyo ni wa Marekani, wazazi wasomi, chuo kikubwa, kaka maarufu. Kweli kabisa. Hatukuanza kwa mstari mmoja, na sitaki kuwauzia ile ndoto ya ukitaka utafika. Mamangu anauza mitumba. Akiniuliza gemu italipa kodi lini sina jibu zuri, na swali lake si la dharau, ni la mtu anayejua bei ya unga.

Lakini tusijifanye huku ni jangwa. Mwaka wa 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D iliyotengenezwa Nairobi, na mhusika wake mkuu ni mwanamke. 2015 tukapata Nairobi X, ya risasi, mji wetu ukiwa umevamiwa. Watu wa kutengeneza wapo. Watu wa kuchana, usiniulize, ukirusha jiwe Dandora utampata mmoja na atakuchania kuhusu hilo jiwe. Kile sijaona sana ni hao watu wawili wakikaa kwa meza moja, na zaidi, wakikaa ndani ya mtu mmoja bila kuambiwa achague.

Maana hilo ndilo tunaambiwa kila siku. Fomu zina kisanduku kimoja. Mshauri mmoja aliniambia nikiandika kwa barua ya kazi kwamba nachana, waajiri watadhani siko serious na kompyuta. Promota mmoja akaniambia nikiendelea kuongea mambo ya gemu jukwaani nitapoteza mtaa. Nikawaamini wote wawili kwa wakati mmoja. Kwa jukwaa nikaficha gemu, kwa gemu nikaficha sauti. Nikabaki nusu huku, nusu kule, na hakuna mahali nilikuwa mzima.

Kitu nimejifunza kwa Sammus si kwamba ukishikilia vitu viwili utafanikiwa. Ni kwamba kile unachoambiwa ukate mara nyingi ndicho kitakuja kuhitajika mahali ambapo bado hapajajengwa. Hiyo kazi ya mkurugenzi wa sauti wa gemu ya kuchana mbele ya kioo haikuwepo 2008 alipokuwa anaenda kufundisha watoto Houston. Angejikata wakati huo, 2021 ingemkuta hana.

Basi wiki iliyopita nilifanya jambo dogo. Niliingia kikosi kipya, jina langu lile lile, na kabla mechi ianze nikawasha maiki nikasema, "Sasa, mimi naenda kulia, nani ananifuata?" Mmoja akatoka hapo hapo. Wawili wakanyamaza. Wa nne akasema, "Poa sister, niko nyuma yako." Tulicheza wanne dhidi ya watano na tukachapwa vibaya sana.

Lakini nilikuwa nimeongea mechi nzima. Na usiku huo, badala ya kulala, nilifungua ile gemu yangu ndogo ya matatu ambayo imekaa kwa kompyuta tangu mwaka jana bila sauti yoyote. Nikaweka simu chini ya blanketi, nikarekodi mistari minane ya makanga, nikaiingiza. Sasa ukibonyeza kitufe, makanga anaita abiria kwa kuchana, na makanga ni dame.

Bado ina makosa mengi. Mstari wa tano unachelewa. Nikirekebisha nitaiweka hapa muicheze.

Wewe je, ni nusu gani umeambiwa ukate? Niandikie hapo chini. Na kama ni maiki umezima, hata usiandike. Iwashe tu.